Anza na Maji, Chaki Baadaye: Kufundisha Seli Kidato cha Kwanza

Katika shule zetu nyingi mada ya seli huanza ubaoni: umbo la pembe nne ni mmea, duara ni mnyama, chora, weka majina, funga daftari. Wanafunzi hunakili vizuri sana. Wiki inayofuata waulize ukuta wa seli una kazi gani, watajibu "kulinda", kama wanavyojibu kuhusu karibu kila kitu mwilini. Lakini tofauti ya seli ya mmea na ya mnyama inaonekana kwa macho matupu, na hapa Mpanda, mkoani Katavi, vifaa vya kuionyesha vipo sokoni na machinjioni.

Unahitaji damu ya mbuzi aliyepita kwa mkaguzi wa nyama, kikombe kidogo tu. Mwambie mchinjaji aikoroge kwa kijiti mara inapotoka, nyuzinyuzi zijisokote kwenye kijiti, la sivyo itaganda kabla hujafika shuleni. Uishike wewe mwenyewe kwa glavu. Wanafunzi watazame tu, maana damu ya mifugo inaweza kubeba maradhi.

Chukua glasi mbili zinazopitisha mwanga. Moja itie maji safi matupu. Nyingine itie maji ya chumvi: robo tatu ya kijiko cha chai kwa nusu lita, chumvi ya Uvinza au yoyote ile. Kila glasi itie matone machache ya damu, tikisa taratibu, kisha weka gazeti nyuma yake. Kwenye maji ya chumvi rangi hubaki na ukungu, maandishi hayasomeki. Kwenye maji matupu rangi huwa angavu kama sharubati iliyochujwa, na mwanafunzi aliyekaa mbele anakusomea kichwa cha habari. Seli zimenywa maji zikapasuka, kwa sababu zina utando peke yake.

Sasa leta muhogo uliomenywa, uukate vipande vyembamba kama njiti za kiberiti. Vingine viloweke katika maji yaleyale matupu, vingine katika kikombe cha maji yenye kijiko kikubwa cha chumvi. (Waonye wasitafune, muhogo mchungu mbichi una sumu.) Baada ya saa moja vya kwenye chumvi vinapindika, vya kwenye maji matupu vinakatika kwa mlio. Hapo uliza, na usiwe na haraka ya kujibu: maji yaliyopasua damu mbona yameufanya muhogo kuwa mgumu zaidi? Acha wabishane. Neno "ukuta" likitoka kinywani mwao kabla halijatoka kinywani mwako, nusu ya mada imekwisha.

Hadubini ije baadaye. Kama ipo moja kwa darasa la watu sitini, waite kwa makundi wengine wakiendelea na muhogo. Kitunguu ndicho rahisi: bandua ile ngozi laini ya upande wa ndani, itandaze ndani ya tone la maji, weka tone la iodini ya duka la dawa iliyozimuliwa, kisha shusha kioo kidogo kwa kukiinamisha ili hewa itoke. Anza na lenzi ya chini. Kagua michoro mapema: duara lenye ukingo mnene mweusi ni kiputo cha hewa, na kila mwaka kuna anayekichora kwa bidii na kukiita seli. Pia watangazie kwamba hawataona kijani. Kitunguu huota chini ya udongo, hakina kloroplasti. Kijani wakitafute kwenye ukoga wa majaruba. Uchote wewe kwa kopo, usiwatume watoto majini. Kichocho kipo, na Katavi kuna mito yenye viboko.

Usiwaonyeshe kiini kwa damu ya mbuzi. Chembe nyekundu za mamalia hazina kiini, na mwanafunzi makini atakubana. Tumia ya kuku: paka nyembamba kwenye kioo, ikauke, itie spiriti, ikauke tena, kisha GV (gentian violet) iliyozimuliwa na maji, suuza. Kiini huonekana katikati ya kila chembe.

Michoro ifuate sasa, na kila mmoja achore alichokiona tu. Mitokondria waitazame kitabuni. Majina ya Kiingereza wayaandike siku hiyohiyo, kwa kuwa mtihani utawadai.

Katika jaribio usiulize "taja tofauti tano". Uliza hivi: mpunga wa Mpimbwe unasimama majini kwa wiki kadhaa, mbona seli za mizizi yake hazipasuki? Anayejibu kwa Kiswahili mpe alama zake zote.