Somo la Ufugaji: Kuangua Vifaranga Nyumbani, kwa Kuku au kwa Mashine

Bonasi ya majani chai inapoingia, kuna familia ambazo hulipa karo kwanza, nyingine huongeza ng'ombe, na siku hizi ziko zinazonunua mashine ya kuangulia vifaranga. Mashine ndogo ya mayai 56 au 88 hukaa mezani kama televisheni, na muuzaji hueleza matumizi yake kwa dakika kumi. Baada ya wiki tatu, nyumba moja ina vifaranga wanaolia ndani ya boksi, na nyumba ya jirani ina ndoo ya mayai viza. Mara nyingi mashine ni zile zile. Kinachotofautiana ni mayai yalikotoka, jinsi joto lilivyoangaliwa, na kama stima ilipopotea kulikuwa na mtu nyumbani anayejua la kufanya.

Wako wengi ambao wangependa kuacha kutegemea vifaranga wa mbali. Vifaranga wa siku moja wanaoletwa kwa basi kutoka Nairobi au Naivasha hupitia Mau Summit usiku kwenye baridi, na wengine hufika wakiwa wamekufa ndani ya boksi. Mnamo Januari 2017, homa ya mafua ya ndege ilipothibitishwa Uganda, Kenya ilipiga marufuku kuku na bidhaa zao kutoka nchi hiyo, na waliozoea kuagiza huko wakalazimika kutafuta kwingine. Mwenye uwezo wa kuangua kwake mwenyewe hakutikisika sana.

Kuangua bila kuku si jambo jipya. Misri ya kale ilikuwa na matanuri ya udongo yaliyoangua maelfu ya mayai kwa mpigo, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wahudumu wake walipima joto kwa kuweka yai kwenye ukope wa jicho, kazi waliyorithishana baba kwa mwana. Mashine ya leo ina kidhibiti joto, lakini bado inahitaji mtu wa kuiangalia.

Kuku wa kienyeji

Tuanze na ingokiet wa nyumbani, kwa sababu yeye hahitaji stima. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kati ya 10 na 15, kisha huanza kuatamia. Utamjua kwa kukataa kutoka kiotani hata usiku, kutunisha manyoya na kudonoa mkono unaomkaribia. Usimpe mayai mazuri siku hiyo hiyo. Mwekee mawili matatu ya kuchemsha, na akiyalalia kwa siku mbili bila kuhama, basi ameamua.

Mpe mayai 10 hadi 13, kulingana na ukubwa wake. Ukizidisha, yale ya pembeni yatapoa na mwishoni utapata vifaranga wachache kuliko ungempa machache. Kiota kiwe na nyasi kavu, kiwe mahali penye giza kidogo, mbali na mbwa na paka. Weka maji na mahindi karibu, kwa kuwa atatoka mara moja tu kwa siku, kwa dakika 15 hadi 30, kula, kunywa na kupiga choo. Adui mkubwa wa kuku anayeatamia ni viroboto na utitiri, ambao humfanya aache mayai siku ya kumi na tano wakati kazi iko karibu kwisha. Nyunyiza dawa ya unga kutoka duka la dawa za mifugo kwenye kiota na chini ya mbawa zake kabla hajakalia mayai. Zizi likiwa na viroboto wengi, choma nyasi za kiota cha zamani badala ya kuzitumia tena.

Kuna mbinu moja ambayo wafugaji wenye kuku watatu au wanne huifaidi. Kuku wa kwanza akianza kuatamia, mbakishe kwenye mayai ya kuchemsha hadi wa pili na wa tatu nao waanze, mradi usimchoshe kwa zaidi ya wiki moja hivi. Kisha, usiku mmoja, wabadilishie wote mayai mazuri. Wataangua siku moja, na vifaranga thelathini wa umri mmoja ni rahisi kuwachanja kuliko makundi matatu ya umri tofauti. Ukiwa na mama mmoja mpole, anaweza kulea wa wenzake pia. Wachomeke vifaranga chini yake usiku, wakati haoni vizuri, na asubuhi atawakubali.

Kasoro ya kuku ni wakati. Akiachwa na vifaranga wake, hukaa nao miezi miwili hadi mitatu kabla ya kutaga tena. Ukiwachukua mapema na kuwalea wewe, hurudi kutaga ndani ya wiki chache. Ukumbuke pia kwamba kuku walioboreshwa wa KALRO kutoka Naivasha, wanaopendwa kwa mayai mengi, kwa kawaida hawaatamii. Mayai yao yanahitaji kuku wa kienyeji wa kuazima au mashine.

Mashine, na mwinuko wetu

Mashine yenye feni huwekwa nyuzi 37.5. Isiyo na feni hupimwa usawa wa sehemu ya juu ya mayai na huwekwa juu kidogo, karibu nyuzi 38.3, kwa kuwa hewa moto hupanda. Yai huvumilia baridi ya saa moja kuliko joto la ziada. Joto likishuka hadi 36 kwa muda mrefu vifaranga huchelewa na kuwa dhaifu, bali likipita 40 kwa saa kadhaa huwaua.

Usiamini namba ya kioo cha mashine moja kwa moja. Nunua kipima joto cha binadamu cha dukani, kile cha kidijitali, uweke ncha yake pamoja na kihisio cha mashine ndani ya maji vuguvugu, uone kama vinakubaliana. Njia inayotajwa sana, ya kupima kwa maji yanayochemka na kutarajia 100, haifai hapa kwetu. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 93. Anayefuata njia hiyo ataharibu kipimo kilichokuwa sawa.

Mwinuko huo una athari nyingine ambayo maelekezo ya ndani ya boksi la mashine hayaitaji. Hewa yetu ni nyepesi. Oksijeni katika kila pumzi ni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na maji hutoka ndani ya yai kwa haraka zaidi kupitia vitundu vya ganda. Kwa hivyo usizibe matundu ya hewa ya mashine kwa kuogopa baridi, hasa siku za mwisho ambapo vifaranga ndani ya mayai wanapumua kwa nguvu. Na ukiweza, tumia mayai ya kuku waliozaliwa na kukulia huku juu. Watafiti wameona kuku waliozoea milima hutaga mayai yenye ganda linalopitisha hewa kidogo zaidi, na hivyo kutunza maji. Mfugaji wa Londiani ana sababu ya kutafuta mayai kwa jirani badala ya kuagiza kutoka Pwani. Wa Soin, kule chini kwenye joto, hana shida hii kwa kiwango hicho.

Kuhusu unyevu, watu hudhani mvua ya Kericho inatosha. Haitoshi. Hewa ya nyuzi 17 ikipashwa hadi 37.5 hubaki kavu, hata kama nje kunanyesha. Sinia ya maji ndani ya mashine isikauke. Lenga asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70 siku tatu za mwisho. Tumia maji ya vuguvugu kujaza, kwani ya baridi hushusha joto.

Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, na namba isiyogawanyika kwa mbili ni bora ili yai lisilale upande ule ule kila usiku. Weka alama ya X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, usitumie kalamu ya wino. Mashine nyingi hugeuza zenyewe, lakini angalia kama kweli zinageuza. Siku ya 18 acha kugeuza, laza mayai, na usifungue tena mlango hadi wengi watoke. Kufungua ili kutazama au kumsaidia kifaranga anayejikokota humwaga unyevu, na utando wa ndani hukauka na kuwakaba waliobaki. Kutoka kuanza kutoboa hadi kutoka kunaweza kuchukua saa 12 hadi 24. Wakitoka, hawana haja ya chakula mara moja. Kiini cha yai walichokimeza kabla ya kutoka huwatosha kwa siku mbili hivi.

Stima ikipotea

Hili ndilo swali kubwa. Mashine imezimika, ni saa nane usiku, umeme hautarudi mpaka asubuhi. Kwanza, usifungue. Mashine iliyofungwa hutunza joto kwa saa kadhaa. Ifunike kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa wazi, na ukiona joto linashuka sana weka chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri karibu na mayai, zisiyaguse. Mayai ya wiki ya kwanza huvumilia kupoa kwa muda. Ya siku ya 18 na kuendelea hutoa joto lake yenyewe, kwa hivyo hatari yake ni kukosa hewa zaidi kuliko baridi. Betri au sola ndogo inayobeba mashine kwa usiku mmoja ni matumizi bora ya pesa kuliko kuongeza ukubwa wa mashine.

Usilete jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, liwe la mashine au la kupasha vifaranga. Hewa yenye sumu inayotokana na makaa haina harufu wala moshi wa kutisha, na huua watu wakiwa usingizini. Kama hakuna njia nyingine ya joto, fungua dirisha na mlango, na asilale mtu humo.

Mayai na hesabu yake

Weka jogoo mmoja kwa majike kumi. Kusanya mayai mara kadhaa kwa siku, ya ukubwa wa wastani, yasiyo na nyufa wala uchafu mwingi, na usiyaoshe, kwa maana maji husukuma vijidudu ndani ya ganda. Yahifadhi kwa ncha kali ikiwa chini, yasizidi siku saba. Hapa baridi yetu hutusaidia, kwa sababu chumba cha kawaida ambacho joto lake ni kati ya nyuzi 13 na 18 ndicho hasa yai linachotaka. Friji ni baridi mno. Kabla ya kuingiza kwenye mashine, yaache yapate joto la chumba cha kuishi kwa saa chache.

Siku ya 7 ingiza tochi gizani chini ya kila yai. Lililo na uhai huonyesha mishipa myembamba iliyotapakaa kutoka doa moja. Lisilo na kitu huangaza lote, na lenye pete nyekundu ya damu limekufa. Toa yaliyokufa, kwani yai viza likipasuka ndani ya mashine huambukiza mengine yote.

Chukua mfano wa kreti mbili, yaani mayai 60. Tuseme moja ya tano hazina uhai, yakabaki 48. Asilimia 80 ya hayo wakiangua utapata 38, na mmoja kati ya kumi akifa akiwa mdogo utabaki na 34. Nusu ni majogoo. Umepata matembe 17 hivi kwa mashine iliyokaa ikila stima siku 21. Ndiyo maana dawati hili linaegemea upande wa kuku kwa anayeanza. Majike watatu waliopangwa pamoja hukaribia idadi hiyo bila mtaji. Mashine ina faida kwa anayejaza mara kwa mara, au kwa kikundi kinachoshirikiana kununua moja, kila mwanachama akiwa na zamu.

Baada ya kuangua

Usiku wetu huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na kifaranga bila mama hawezi hilo. Wiki ya kwanza apate nyuzi 32 hadi 35, kisha upunguze kama tatu kila wiki. Wakibanana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni ni moto, wakitapakaa na kula pako sawa. Mwenye nafasi ya kulea 30 asiweke mayai 80.

Chanjo ya kideri hutolewa siku ya saba hivi kwa tone la jicho, ikarudiwa wiki ya tatu au ya nne, na baadaye kila miezi mitatu. Gumboro hufuata kuanzia wiki ya pili. Chupa moja mara nyingi hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa haidumu zaidi ya saa mbili, kwa hivyo panga na majirani siku moja badala ya kila mtu kufungua yake na kumwaga. Chanjo za KEVEVAPI hutunzwa kwenye barafu tangu dukani hadi zizini, na mwendesha boda boda anayezibeba mfukoni anakuletea maji tu.

Mayai yasitoke kwenye kundi lenye historia ya vifaranga kuhara nyeupe, kwa kuwa ugonjwa huo hupitia ndani ya yai. Mashine isafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kila baada ya kuangua. Anayetaka kuuza vifaranga aende kwanza kwa ofisi ya mifugo ya wadi yake, kwani Sheria ya Magonjwa ya Mifugo, Sura ya 364, inahusu pia wanaoangua ili kuuza. Huduma za mifugo zimekuwa chini ya kaunti tangu 2013, na afisa wa ugani huko ndiye wa kuuliza pia chanjo zitapatikana siku gani, kabla hujaweka yai la kwanza ndani ya mashine.