Breki ya Kushikilia: Kuondoa Gari Mlimani Bila Kurudi Nyuma

Barabara itokayo Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga ina urefu wa takriban kilomita 112. Huanzia juu ya uwanda wa Ufipa na kuishia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kati ya uwanda na ziwa kuna tofauti ya kimo ya karibu mita 1,000. Dereva ashukaye Kasanga kufuata migebuka na dagaa, au kupokea mzigo bandarini, hana budi kuupanda tena ukingo huo arudipo, na mara nyingi gari huwa limeelemewa zaidi kuliko liliposhuka.

Siku hizi baadhi ya magari madogo yaliyotumika yaingiayo nchini yana mfumo wa kulishikilia gari lililosimama mlimani hata dereva akiondoa mguu kwenye breki. Baadhi ya wanunuzi hawajui kwamba wanao. Wengine wanajua, lakini wanautegemea kupita kiasi. Katika somo hili tunaeleza mfumo huo hufanyaje kazi, utumiweje, na wapi usitegemewe.

Kwa nini gari hurudi nyuma

Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likisimama kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani barabara inayopanda mita 1 kwa kila mita 10, huvutwa nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 150 hivi. Ni kama magunia matatu ya saruji yakilivuta bila kupumzika. Likiachwa pasipo kizuizi, sekunde ya kwanza hurudi karibu nusu mita. Ikifika sekunde ya pili, limekwisha kurudi karibu mita 2.

Muda huo ndio dereva anaoutumia kuhamisha mguu kutoka pedali ya breki kwenda pedali ya mafuta. Akisitasita kidogo tu, aliye nyuma yake ndiye alipaye gharama.

Mfumo wenyewe

Ukanyagapo breki, mafuta ya breki husukumwa katika mirija hadi kwenye magurudumu. Ukiachia, msukumo huo hupungua na magurudumu huwa huru. Breki ya kushikilia huziba njia ya kurudi kwa vali zinazoendeshwa kwa umeme, hivyo msukumo hubaki ingawa mguu umeondoka. Ukikanyaga pedali ya mafuta kwa kiasi cha kutosha kuliondoa gari, vali hufunguka zenyewe.

Mfumo huu usichanganywe na vingine viwili. Wa kwanza ni msaada wa kupanda mlima, ambao hujiwasha wenyewe na katika magari mengi hushikilia kwa sekunde 2 hivi tu baada ya mguu kuondoka. Wa pili ni breki ya kuegesha, ambayo wengi tunaiita breki ya mkono. Hiyo ndiyo breki ya kuliachia gari lisilo na dereva. Breki ya kushikilia ni ya dereva aliyeketi kitini, macho yakiwa barabarani.

Hatua za kuitumia

1. Washa injini, funga mlango wa dereva, funga mkanda. Katika magari mengi mfumo haukubali kuwaka iwapo mlango u wazi au mkanda haujafungwa.

2. Bonyeza kitufe chake. Mara nyingi kiko karibu na mkono wa gia, nacho kimeandikwa HOLD au AUTO HOLD. Taa itawaka kuonyesha kwamba mfumo uko tayari. Kuwa tayari si kushikilia.

3. Ufikapo mahali pa kusimama, kanyaga breki hadi gari litulie kabisa. Iwapo halikutulia vizuri, ongeza nguvu ya mguu.

4. Tazama dashibodi. Taa ya kushikilia ikiwaka, ondoa mguu polepole huku ukihakikisha kwamba gari halisogei. Isipowaka, mguu ubaki pale pale.

5. Wakati wa kuondoka, hakikisha gia iko kwenye D, angalia vioo, kisha kanyaga mafuta taratibu. Gari litajiachia na kupanda.

6. Ukitaka kuuzima mfumo, kanyaga breki kwanza, ndipo ubonyeze kitufe. Anayebonyeza bila kukanyaga anaweza kujikuta anarudi nyuma.

Rangi na alama za taa hutofautiana kati ya gari na gari. Kitabu cha maelezo cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Mfano

Tuchukue familia inayorudi Sumbawanga kutoka Kasanga. Ndani wamo watu watano, na nyuma kuna ndoo za dagaa. Katikati ya mpando lori lililo mbele linasimama, nao wanasimama. Nyuma yao, kiasi cha mita 2, inasimama pikipiki iliyombeba mama na mtoto mgongoni.

Dereva anakumbuka kwamba alikibonyeza kitufe jana jioni. Asichokumbuka ni kwamba usiku aliizima injini, na katika magari mengi kuzima injini hufuta agizo hilo. Lori linapoanza kusogea, anaondoa mguu kwenye breki bila haraka, kwa imani kwamba gari limeshikiliwa. Halikushikiliwa. Mwendesha pikipiki aliyebeba abiria wawili hawezi kurudi nyuma mlimani, wala hana muda wa kugeuza.

Dereva huyo si mzembe. Kosa lake ni kuamini kumbukumbu badala ya taa. Kwa sababu hiyo tunawashauri watumiaji wote washike kanuni moja: taa kwanza, mguu baadaye.

Mfano huu una funzo la pili. Ukisimama nyuma ya lori mlimani, acha nafasi ya kutosha uyaone matairi yake ya nyuma yanapogusa lami. Lori nalo huweza kurudi. Na utingo aliyeweka jiwe nyuma ya gurudumu aliondoe barabarani kabla ya kupanda, kwa kuwa jiwe lililoachwa ni ajali ya mtu mwingine.

Mahali usipoitegemea

*Unaposhuka garini.* Usishuke kamwe huku gari likiwa limeshikiliwa na mfumo huu, hata kama ni kununua maji tu. Weka gia kwenye P, funga breki ya kuegesha, zima injini. Baadhi ya magari hufunga breki ya kuegesha yenyewe mlango ukifunguliwa, au baada ya dakika kadhaa. Usiyafanye hayo kuwa tegemeo lako.

*Kwenye utelezi na mwinuko mkali mno.* Mfumo hushika magurudumu, hauishiki barabara. Wakati wa masika, kwenye njia ya udongo, magurudumu yaliyofungwa bado huteleza.

*Unaposhuka mlima.* Kazi ya mfumo ni kulishikilia gari lililosimama. Kutoka Matai kuelekea ziwani, tumia gia ndogo ili injini isaidie kupunguza mwendo. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu.

*Unapoegesha mahali pembamba.* Zima mfumo, kwani gari hujiachia kwa mshtuko mdogo kila ukanyagapo mafuta.

*Taa ya tahadhari ya breki ikiwaka.* Kabidhi gari kwa fundi. Mfumo wa kushikilia hauponyi breki mbovu. Nguvu yake inatokana na breki hizo hizo.

Gari lisilo na mfumo huu

Malori mengi, na magari mengi ya abiria ya zamani, hayana kitufe hiki. Njia ya zamani ingali bora. Kanyaga breki, vuta breki ya mkono, ingiza gia ya kwanza. Ongeza mafuta kidogo na uachie klachi polepole hadi usikie mlio wa injini ukishuka na gari likitaka kusogea. Hapo ndipo uteremshe breki ya mkono. Aliye na gari jipya naye aijue njia hii, maana umeme wa gari una siku zake.

Unaponunua gari lililotumika

Magari mengi ya namna hii hutoka Japani, na maonyo yake kwenye dashibodi huandikwa Kijapani. Kabla ya kulipa, fanya haya:

- Mwombe muuzaji akuonyeshe mfumo ukifanya kazi mlimani, pasipo mtu wala chombo nyuma. Uwanja wa tambarare hauonyeshi kitu.
- Tafuta kitabu cha maelezo katika lugha unayoisoma, kinacholingana na aina na mwaka wa gari hilo.
- Washa gari na utazame iwapo taa za tahadhari za breki huwaka kisha kuzimika. Taa isiyowaka kabisa nayo ni dalili mbaya, kwani huenda imeondolewa.
- Ahadi za muuzaji ziandikwe kwenye mkataba, na stakabadhi uitunze.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayoiuza. Ukiambiwa kwamba gari lina mfumo fulani, kisha ukabaini kwamba halina, una haki ya kulalamika kwa muuzaji na, usiporidhika, kwa Tume ya Ushindani. Mkataba na stakabadhi ndivyo vitakavyokusemea.

Jipime

1. Taa ya «tayari» imewaka, lakini ya kushikilia haijawaka. Je, uondoe mguu?
2. Umesimama mlimani na unataka kushuka kuangalia mzigo. Utafanya nini kwanza?
3. Ulibonyeza kitufe jana. Je, leo mfumo umewaka?

Majibu: (1) La, mguu ubaki kwenye breki. (2) Gia kwenye P, breki ya kuegesha, kisha kuzima injini. (3) Usikisie, itazame taa.

Tunapendekeza ufanye zoezi hili mara tano kwenye mwinuko mdogo usio na watu kabla ya kuupanda ukingo wa Kasanga. Itakuchukua robo saa tu, na mama aliye kwenye pikipiki nyuma yako atafika nyumbani salama.