Soya Mbichi na Tumbo la Samaki

Leo tujifunze jambo ambalo sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara.

Mnakumbuka mwaka wa 2009 serikali ilipoanza kuchimba vidimbwi vya samaki, 200 katika kila eneo bunge, kwa maeneo 140. Tangu hapo wengi huku Gusii wamechimba vyao. Lakini kuchimba si kazi. Kazi ni kulisha. Omena ni ghali, na kuna miezi ya kila mwaka ambapo uvuvi wake ziwani hufungwa. Tena omena hiyo hiyo ndiyo mboga ya watoto wetu.

Basi kikundi chetu kikaona heri tutumie soya ya shambani. Tulisaga mbichi, tukachanganya na pumba za ngano, tukamwaga asubuhi na jioni. Samaki walikula kwa furaha! Baada ya miezi sita tulivuta wavu, na tilapia wengi walitoshana na kiganja cha mtoto. Mweka hazina alifunga daftari lake bila kusema neno.

Shida ilikuwa nini? Ndani ya soya mbichi mna kitu kinachozuia maji ya tumboni yasivunje protini. Samaki anakula anashiba, lakini protini inapita tu na kutoka na kinyesi. Mnanunua mbegu, mnalisha maji.

Dawa yake ni moto. Chemsha soya kwa nusu saa tangu maji yaanze kutokota, anika juani mpaka ikauke kabisa, ndipo upeleke kwa mashine ya kusaga. Ikibaki na unyevu itaota ukungu, na sumu ya ukungu huharibu ini la samaki. Moto hauiondoi sumu hiyo, kwa hiyo mahindi au soya iliyooza msiwape samaki mkidhani mmeokoa pesa.

Je, tukishachemsha tunaweza kuacha omena kabisa? Hapana, na sababu ni hii. Soya ina kitu kingine chenye kutoa povu kama sabuni, kiitwacho saponini, ambacho hakiishi kwa kuchemshwa. Mwaka wa 1996 watafiti wa Norwe walieleza jinsi samaki aina ya samoni waliolishwa soya walivyovimba sehemu ya nyuma ya utumbo. Vile vikunjo vya ndani vinavyofyonza chakula vilifupika. Habari njema ni kwamba walipoondolewa soya, utumbo ulipona baada ya wiki chache.

Tilapia wetu ni mvumilivu kuliko samoni. Utumbo wake ni mrefu, mara kadhaa ya urefu wa mwili, kwa sababu kwa asili hula mimea midogo ya majini. Kambare ana utumbo mfupi na amezoea nyama, kwa hiyo yeye msimbane sana na mimea.

Kwa tilapia wanaokua, sisi sasa tunachanganya pumba za ngano kilo 6, soya iliyochemshwa kilo 3 na omena kilo 1. Hapo protini inafika karibu robo ya chakula chote. Vifaranga wanahitaji zaidi, waongezeeni omena. Hakikisheni omena haina mchanga, maana wauzaji wengine hupima mchanga pamoja na samaki!

Mashudu ya pamba pia ni rahisi kupata, lakini yana sumu yake, gosipoli. Tia kidogo tu.

Kazi ya kikundi: Mkivua, pasueni samaki watatu kabla ya kupika. Je, utumbo umevimba au una wekundu? Mnaona vipande vya soya ambavyo havijasagika? Andikeni mlichoona pamoja na uzito wa kila samaki. Mkiona jambo msilolielewa, kituo cha utafiti wa samaki kiko Kegati, Kisii. Bebeni na chakula chenu kidogo kwenye karatasi, muulize.