Je, sindano hiyo ni yako?

Ukilazwa hospitalini, huenda anayekuletea dawa ni mwanafunzi wa uuguzi. Usishtuke, maana kazi hii haifunzwi darasani pekee. Hata hivyo, ni vyema ufahamu makosa yanayoweza kutokea na jinsi ya kuyazuia.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Tuchukue mtoto wa mwezi mmoja mwenye uzani wa kilo 4, aliyeandikiwa dawa ya jentamaisini, miligramu 7.5 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 30. Kichupa kimoja cha dawa hiyo aghalabu huwa na miligramu 80 katika mililita 2. Kwa hivyo atadungwa mililita 0.75. Nukta ikiruka hatua moja, zitakuwa mililita 7.5, yaani mara kumi! Dawa hii ikizidi yaweza kuharibu figo na masikio. Lakini kuna dalili ya kumzindua mwanafunzi: atalazimika kufungua vichupa vinne kwa mtoto mmoja. Hapo asimame na kuuliza.

La pili ni la kusoma. Daktari akiandika insulini "10U", herufi hiyo yaweza kuonekana kama sufuri, na yuniti 10 zikawa 100. Ndiyo maana neno "yuniti" lafaa kuandikwa kamili.

La tatu ni kumpa dawa mgonjwa asiyestahili. Wagonjwa huhamishwa vitanda, na mtu mwenye usingizi huitikia jina lolote. Heri aulizwe, "Jina lako nani?" kuliko, "Wewe ndiwe Otieno?"

Kwa sababu hii wanafunzi hufunzwa kuhakikisha mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo na wakati ndio. Isitoshe, wanapaswa kusimamiwa na muuguzi aliyehitimu. Shida huanza pale wadi inapofurika na msimamizi akawa mbali.

Wewe nawe una wajibu. Taja majina yako kamili kabla ya kupokea dawa. Sema mapema ikiwa kuna dawa inayokudhuru, kama vile penisilini. Uliza dawa ni ya nini. Tembe zikibadilika rangi au idadi, uliza kabla ya kumeza. Mzazi naye ajue uzani wa mwanawe. Kuuliza si utovu wa adabu.

Na kosa likitokea? Mwanafunzi aseme papo hapo. Aliyezidishiwa insulini aweza kuokolewa kwa kupewa sukari na kupimwa damu mara kwa mara, lakini akichelewa aweza kuzimia na hata kufa. Wasimamizi nao wakumbuke kwamba mwanafunzi anayeogopa kufukuzwa atanyamaza, na atakayeumia kwa kimya hicho ni mgonjwa.