Somo la Ufundi: Gundi ya Mlango wa Gari Isiyofaa Kukauka

Mvua za masika zinapoanza, gereji nyingi hupokea lalamiko moja: kapeti ya gari imelowa ilhali vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Mwenye gari hudhani kioo cha mbele kinavuja au paa limetoboka, naye hulipia kazi hizo bila kupata nafuu. Chanzo kinachosahaulika kiko ndani ya mlango, na huenda kilianza siku mlango huo ulipofunguliwa ili kutengeneza kufuli, spika au mota ya kioo.

Somo hili linawalenga mafundi wa jua kali, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na wenye magari.

Maji huingia mlangoni kwa kawaida

Mpira ulio kando ya kioo kwa nje hupangusa maji, lakini hauwezi kuyazuia yote. Mvua ikinyesha au gari likioshwa, maji huteremka na kioo hadi ndani ya bati la mlango, kisha hutokea kwenye matundu madogo yaliyo chini. Mlango umeundwa hivyo. Hitilafu hutokea maji hayo yanapovuka na kuingia upande wa abiria.

Kinachoyazuia yasivuke ni karatasi ya plastiki, au ya sponji katika magari mengine, iliyobandikwa kwenye bati nyuma ya paneli. Kingo zake hushikwa na ukanda wa gundi nyeusi inayonata. Fundi asiyeijua hudhani ni uchafu wa lami, akaikwangua na kuitupa. Mwingine huichana karatasi ili mkono upite, kisha hurudisha paneli juu yake. Kwa nje kazi huonekana imekamilika.

Hasara huja polepole. Paneli zenye mgongo wa mbao zilizosagwa huvimba na klipu hung'oka. Sponji iliyo chini ya kapeti hushika maji kwa wiki kadhaa, ikaleta ukungu, harufu na kutu ya sakafu. Nyaya na viunganishi vilivyo chini ya viti huharibika.

Lipo pia suala la usalama. Katika baadhi ya magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni, kihisi cha ajali kimo ndani ya mlango na hupima shinikizo la hewa linalopanda ghafla mlango unapogongwa. Karatasi iliyotoboka huvujisha shinikizo hilo, na mfuko unaweza usifunguke inavyopaswa.

Kwa nini gundi isikauke

Kwa kazi nyingi, gundi husifiwa kwa kukauka na kuwa ngumu. Kwa mlango wa gari ni kinyume, kwa sababu mbili.

Kwanza, mlango utafunguliwa tena. Gari lililotumika huruhusiwa kuingia Kenya likiwa na umri usiozidi miaka 8, kisha huendelea kutembea kwa miaka mingi. Katika muda huo mota, kufuli na nyaya za mlango huhitaji matengenezo. Gundi laini huachia karatasi nzima na kuishika tena. Gundi ngumu huachia vipande.

Pili, mlango hautulii. Hubamizwa kila siku, bati hupata joto kali mchana na kupoa usiku, na plastiki hutanuka kuliko bati. Gundi ngumu hupasuka au kubanduka, ilhali gundi laini hufuata mwendo huo.

Ipi ichaguliwe

• Gundi ya butili. Hii ndiyo inayofaa. Ni mpira laini mweusi au wa kijivu, unaouzwa ukiwa kamba au utepe uliokunjwa pamoja na karatasi ya kutenganisha. Haikauki, haipitishi maji na hushika plastiki na bati lililopakwa rangi.

• Silikoni. Haishiki vizuri plastiki ya aina hii. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huanzisha kutu palipokwaruzika rangi. Mabaki yake pia huzuia gundi nyingine kushika baadaye.

• Gundi ya kubandika kioo cha mbele. Ni imara mno kwa kazi hii. Ikikauka, karatasi haitoki bila kuchanika.

• Gundi ya viatu. Hukauka ikawa nyembamba, hivyo haijazi mabonde ya bati.

• Selotepu. Unyevu na joto huiachisha.

• Utepe wa lami wa kuziba paa. Hufanana na butili, lakini lami hulainika kwa joto, ikateremka na kuchafua paneli.

Dukani, mnunuzi atafute neno "butyl" kwenye boksi, kisha ajaribu kipande kidogo. Kikivutwa, kinyumbuke kama chingamu bila kukatika upesi wala kumeguka. Kikibandikwa kwenye plastiki safi, king'ang'anie. Kikiachwa juu ya boneti juani mchana mmoja, kisitiririke. Unene wa milimita 6 hadi 10 hutosha milango mingi.

Hatua za kazi

1. Fundi atenganishe betri na kufuata maelekezo ya gari hilo kabla ya kugusa mlango wenye kihisi cha mfuko wa hewa.

2. Karatasi ibanduliwe polepole kuanzia juu. Ikikataa, gundi ikatwe katikati kwa kisu chembamba huku karatasi ikivutwa taratibu. Isivutwe kwa nguvu.

3. Gundi ya zamani iliyo safi na yenye kunata iachwe itumike tena. Iliyoshika vumbi iondolewe kwa kuigusagusa na donge la butili, nayo itashikana na kutoka.

4. Bati lipanguswe kwa spiriti na likauke kabisa. Butili haishiki palipo na maji, vumbi au grisi.

5. Tundu dogo kwenye karatasi lizibwe kwa kiraka na butili. Ikiwa imechakaa, mpya ikatwe kwa kufuata umbo la ile ya zamani. Plastiki nzito ambayo wajenzi huitandaza chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege hufaa kuliko mfuko mwepesi.

6. Ukanda wa butili uzunguke bila pengo, na ncha zake zipishane. Sehemu nyaya zinapopita izibwe pande zote.

7. Ukingo wa chini wa karatasi uingizwe ndani ya bati kama ulivyokuwa awali, ili maji yaangukie mlangoni. Matundu ya chini yasizibwe kamwe, kwani maji yatakwama na kuozesha mlango.

8. Karatasi ikandamizwe kwa kidole gumba mzunguko mzima.

Jaribio kabla ya kurudisha paneli

Kioo kifungwe, kisha maji yamwagwe juu yake kwa nje kwa dakika 5. Yanapaswa kutoka kwenye matundu ya chini, huku upande wa ndani wa karatasi ukibaki mkavu. Kitambaa kikavu kikipitishwa kwenye kingo kitaonyesha hata uvujaji mdogo. Panapovuja, gundi ikandamizwe au iongezwe, na jaribio lirudiwe.

Mwenye gari anayepeleka mlango kutengenezwa aombe kuiona karatasi hiyo kabla ya paneli kufungwa. Kuitazama hakuchukui dakika moja, na paneli ikisharudishwa, kosa halitaonekana tena hadi mvua inyeshe.