Somo la wiki: Kubadili hita si lazima kupunguze bili ya umeme

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Tukuyu huwa kali, na wenye nyumba za wageni hulazimika kufikiria hita. Kwa aliyekwisha kuwa nazo, swali la kibiashara ni hili: je, akitoa hita za zamani na kuweka mpya ataokoa umeme?

Jibu ni hapana, iwapo zote ni za koili, zina wati sawa na zinawaka muda sawa. Koili hugeuza karibu umeme wote kuwa joto, iwe ya mwaka jana au ya miaka 30 iliyopita. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa moja hula uniti 2, hata kama boksi limeandikwa "inaokoa umeme".

Tuchukue mfano wa nyumba yenye vyumba 10, kila kimoja na hita ya wati 2,000 inayowaka saa 4 kwa usiku. Matumizi ni uniti 80. Tukikadiria uniti moja kwa Sh 350, gharama ni Sh 28,000 kwa usiku, au Sh 840,000 kwa siku 30. Mwenye nyumba akinunua hita 10 mpya za wati zile zile kwa Sh 100,000 kila moja, atatoa Sh milioni 1 na bili itabaki pale pale.

Akiba huja na themostati, yaani kifaa kinachozima hita chumba kikishapata joto. Kama hita za zamani hazina, na mpya zikajizima theluthi moja ya muda, bili itashuka hadi Sh 560,000. Akiba ya Sh 280,000 kwa mwezi ni Sh 840,000 kwa msimu wa miezi mitatu. Mtaji utarudi wote msimu wa pili, si wa kwanza.

Viyoyozi vinavyopasha joto huvuta joto la hewa ya nje, na kwa uniti 1 huweza kutoa joto la uniti 3 hivi. Lakini bei yake ni kubwa, na msimu wetu ni mfupi.

Mwenye nyumba ya familia naye ajihadhari. Bei nafuu ya TANESCO ya kundi la D1 ni kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hita moja ya wati 2,000 ikiwaka saa 2 kila usiku hula uniti 120 peke yake.

Hatua ya kwanza, basi, ni ya bei rahisi: ziba nyufa za milango, weka dari na mapazia mazito. Usikimbilie jiko la mkaa chumbani. Hewa yake huua. Hita yenye waya uliochakaa ibadilishwe mara moja, lakini vitabuni iandikwe gharama ya usalama, si akiba.

Dukani uliza mambo mawili kabla ya kulipa: ni wati ngapi, na je, inajizima yenyewe?