Fomu ya ufadhili na omena ya mama

*Mshauri, nina miaka 26 na shahada ya sayansi ya chakula. Huu ni mwaka wa pili niko nyumbani Kendu Bay, kando ya Ziwa Victoria, nikimsaidia mama kuanika omena, dagaa wa ziwa hilo. Kuna ufadhili wa shahada ya uzamili katika utafiti wa chakula na kilimo ninaoutamani sana. Mwaka jana niliomba, nikaeleza kwamba nataka kuchangia usalama wa chakula barani Afrika, nikakataliwa bila maelezo. Rafiki yangu ananiambia safari hii niandike kuhusu omena. Naona haya. Nani atamlipia mtu karo akasomee kazi ya mama yake? Tena watu wanasema bila wa kukushika mkono hupati kitu. Nifanyeje? — Nyar Kendu*

Nyar Kendu, msikilize rafiki yako, lakini usimsikilize vibaya. Ukiandika kuhusu omena ili jopo limwonee mama huruma, utakataliwa tena, na safari hii nitakuwa upande wa jopo. Kosa la sentensi yako ya mwaka jana si kwamba ni kubwa. Kosa ni kwamba haiwezi kuwa na kosa. Nani atapinga usalama wa chakula? Ila utafiti huanza pale mtu anaposema jambo ambalo kipimo kinaweza kulikanusha, na anayesoma maombi ya ufadhili anatafuta dalili moja kabla ya nyingine zote, kwamba mwombaji huyu anajua atapima nini, wapi, na ndani ya muda gani. Bara zima haliingii katika shahada ya miaka 2. Ufuo mmoja unaingia.

Hebu tukitazame basi hicho unachokionea haya. Omena huvuliwa usiku kwa taa, ikafika ufuoni alfajiri na kumwagwa juu ya nyavu kuukuu, au mchangani kabisa. Jua likikaa vizuri, kufikia jioni imekauka na inang'aa kama fedha. Mvua ikishuka saa nane mchana, hadithi ni nyingine: inafifia, inalainika, inaanza kunuka, na mnunuzi wa chakula cha kuku anaichukua kwa bei anayoitaja yeye. Hata ile iliyokauka vyema, aliyeinunua kwa kopo la gorogoro akifika chini ya mfuko anakuta mchanga. Mama yako anayajua haya yote. Asichokijua, na ambacho wewe umesomea kukijua, ni kiasi. Katika kila gunia, kilo ngapi zinatoka kwenye sahani ya mtu na kuingia kwenye kihori cha kuku kwa sababu ya mvua tu? Omena iliyoanikwa kwenye chanja iliyoinuliwa juu ya ardhi inakaa wiki ngapi kabla mafuta yake hayajachacha, ukilinganisha na ya mchangani? Na kama chanja ni bora hivyo, mbona wanawake wengi bado wanaanika chini: ni bei ya mbao, ni nafasi ufuoni, au ni kwamba mnunuzi halipi hata shilingi moja zaidi kwa omena safi? Swali hili la mwisho ndilo ningelipenda kuliko yote, maana jibu lake linaweza kuwaaibisha wataalamu wanaogawa chanja wakidhani kazi imekwisha.

Kwamba swali dogo la mahali pamoja hufika mbali, ushahidi uko katika kaunti yako mwenyewe. Kituo cha Mbita cha icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, kimebeba jina la Thomas Odhiambo, aliyeianzisha icipe mwaka 1970. Katika miaka ya 1990 watafiti wa icipe, wakishirikiana na wenzao wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya na wa kituo cha utafiti cha Rothamsted kule Uingereza, walikuwa wakihangaika na kiwavi anayetoboa bua la mahindi. Wakapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ili harufu yake imfukuze nondo anayemzaa, na majani ya napia pembezoni ili yamvute. Ndipo wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: palipokuwa na desmodiamu, kayongo, gugu ambalo Watanzania huliita kiduha, lilipungua mno. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoizuia kayongo kujishikiza kwenye mzizi wa mahindi. Mbinu hiyo, iitwayo sukuma-vuta, leo inatumika katika nchi kadhaa za Afrika. Wangeanza na njaa ya bara, sidhani kama wangeinama kutazama chini ya mahindi. Na kuhusu kuona haya, mkumbuke Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT, aliyeijenga kazi yake juu ya managu, saga na mrenda wakati mboga hizo zilidharauliwa kama chakula cha maskini. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtuza kwa sayansi yake.

Pingamizi lenye uzito ni jingine, nawe hukulitaja: mfadhili ana ajenda yake. Hilo ni kweli. Nafasi nyingine hutangazwa zikiwa tayari na mradi na msimamizi, na tangazo likisema mahindi, usilazimishe omena humo. Lakini utazamaji ule ule wa karibu utakufaa hata kwenye mahindi. Na pale tangazo linapotaja upotevu wa chakula baada ya mavuno, lishe au tabianchi, mvua ya saa nane ni jibu halali kabisa.

Kuhusu wa kukushika mkono, sitakuambia dunia ni ya haki. Nitakuambia tu kwamba mtu unayemhitaji zaidi si mjomba wizarani, ni msimamizi. Ng'ambo ya ghuba, Bondo, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kina kituo cha umahiri kinachotafiti wadudu wa kuliwa na kulishia mifugo, watu ambao tayari wanafikiria nani ale nini kati ya kuku na binadamu. Kisumu kuna watafiti wa samaki wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Mwandikie mmoja nusu ukurasa miezi kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho: swali lako, vipimo vichache ulivyokwisha kuchukua, na unachotaka akukosoe. Barua za kuomba msaada anazipata kila siku. Barua yenye vipimo ni adimu. Uliza pia, bila haya, kama ufadhili unalipa karo pekee au na posho na gharama za utafiti. Na anayekudai ada ili akupe ufadhili, mfute kwenye simu.

Vipimo hivyo unaweza kuvianza kesho. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, kwa hiyo usingoje. Daftari moja, mizani ya kuazima, magunia ya mama na ya jirani mmoja mwenye chanja: uzito kabla na baada, saa ya mvua, bei iliyolipwa, nani alinunua. Lakini muombe mama ruhusa kwanza, na kila gorogoro utakalochukua la sampuli mlipe kwa bei ya siku hiyo.